Kukagua Sarafu ya Dhahabu ya Marekani ya 1795 hadi 1834: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliye na sarafu ya dhahabu ya zamani ya Marekani mkononi, au anayetaka kununua, na anataka kujua mambo matatu: ni ya kweli? ni ipi hasa? iko katika hali gani? Yafuate kwa mpangilio huo. Watu wengi huanza na swali la nne, la bei, na ndipo wanapoumia. Mifano mingi humu ni ya nusu tai, sarafu ya dola 5, kwa kuwa ndiyo inayokutwa zaidi.

## Misingi

1. Sarafu ya "awali" ni ipi?

Ni ile iliyopigwa Philadelphia kabla sheria haijapunguza uzito wa sarafu za dhahabu katikati ya 1834. Sheria ya 2 Aprili 1792 ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani na kutaja sarafu tatu za dhahabu: tai (dola 10), nusu tai (dola 5) na robo tai (dola 2.50). Dhahabu yenyewe ilichelewa kuanza. Nusu tai za kwanza, 744, zilikabidhiwa tarehe 31 Julai 1795. Tai zilifuata Septemba mwaka huohuo, na robo tai 1796.

Mchoro wa kwanza ni wa Robert Scot: mwanamke aliyevaa kofia, ametazama kulia. Kuanzia 1807 John Reich alimgeuza akatazama kushoto. Hakuna alama ya mji, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimoja tu. Ukiona herufi ndogo ya mji kama C, D au O kwenye sarafu yenye tarehe ya kipindi hiki, hiyo si ya kweli.

2. Vipimo sahihi ni vipi?

Sarafu zote tatu ni dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 11 kati ya 12. Sehemu iliyobaki ni fedha na shaba.

- Tai: gramu 17.50, kipenyo karibu mm 33, dhahabu safi gramu 16.04.
- Nusu tai: gramu 8.75, kipenyo karibu mm 25, dhahabu safi gramu 8.02.
- Robo tai: gramu 4.37, kipenyo karibu mm 20, dhahabu safi gramu 4.01.

Kipenyo hakikuwa thabiti kama cha sarafu za leo, kwa sababu kabla ya 1829 sarafu hizi zilipigwa bila pete ya kuzibana pembeni, na dhahabu ilitanuka ilivyotanuka. Tofauti ya nusu milimita isikutishe. Uzito ndio usiosamehe (swali la 6). Kuanzia 1829 pete ilianza kutumika, na nusu tai ikapungua hadi mm 23.8 bila uzito kubadilika.

3. Mbona haina thamani iliyoandikwa?

Kwa sababu thamani ilikuwa uzito wake. Tai ya 1795 hadi 1804 haikuandikwa thamani kabisa. Nusu tai ilipata "5 D." mwaka 1807, kwenye mchoro wa Reich, na robo tai ilipata "2½ D." mwaka 1808. Hiki ni kipimo cha haraka ambacho waghushi wa bei rahisi hukisahau: mwanamke akitazama kulia na, upande wa pili, chini ya picha ya ndege tai pameandikwa "5 D.", rudisha ulipoitoa.

4. Zilipigwa maelfu. Kwa nini leo ni adimu?

Ziliyeyushwa. Sheria ya 1792 ilihesabu uzito mmoja wa dhahabu kuwa sawa na uzito 15 wa fedha, lakini katika masoko ya Ulaya dhahabu ilikuwa na bei zaidi ya hapo. Mfanyabiashara alikusanya sarafu za dhahabu kwa thamani yake ya kisheria, akazisafirisha, akaziuza kwa uzito na kupata faida. Upigaji wa tai ulisimamishwa mwishoni mwa 1804 kwa sababu hiyo, ukarudi 1838. Nusu tai ziliendelea kupigwa, na nyingi zilikwenda moja kwa moja kwenye masanduku ya benki, kisha melini, kisha kwenye tanuri.

Ndiyo maana idadi iliyopigwa haikuelezi kitu peke yake. Vitabu vya kiwanda vinaonyesha nusu tai 17,796 kwa mwaka 1822. Zinazojulikana leo ni tatu. Mbili ziko katika makumbusho ya Smithsonian, na ya tatu iliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Nusu tai ya 1815, ambayo zilipigwa 635 tu, imebaki na vipande vingi kuliko hiyo.

Kuna jambo jingine: hesabu za kiwanda ni za mwaka wa kukabidhi, si za tarehe iliyo kwenye sarafu. Chuma kizuri cha kuchongea muhuri wa kupigia sarafu kilikuwa ghali, kwa hiyo muhuri ulitumika hadi ukapasuka, hata kama mwaka ulikuwa umepita.

## Ukaguzi wa nyumbani

5. Nianze na vifaa gani?

Mizani ya kusoma gramu 0.01 (ya 0.001 ni bora zaidi kwa swali la 7), lenzi ya kukuza mara 10, kalipa ya plastiki, taa moja yenye mwanga mkali, na taulo nene juu ya meza. Kalipa ya chuma iache. Dhahabu ya karati 22 ni laini, na meno ya chuma huacha alama kwenye ukingo, alama ambayo mpanga madaraja (mtaalamu anayethibitisha sarafu na kupima hali yake) ataiona kabla hujamaliza kumweleza.

Shika sarafu kwa ubavu, kidole gumba na cha shahada, daima juu ya taulo. Usiongee ukiwa umeinamia sarafu, kwani tone la mate huacha doa. Kabla ya kupima chochote piga picha pande zote mbili na ubavu. Picha hizo zitakulinda siku sarafu ikitoka mikononi mwako.

6. Uzito wa sarafu yangu umepungua. Ni bandia?

Inategemea umepungua kiasi gani, na sarafu imechakaa kiasi gani. Nusu tai isiyochakaa iwe karibu sana na gramu 8.75. Iliyotembea mikononi mwa watu kidogo itashuka hadi 8.70 au chini yake kidogo. Ukisoma 8.60 ilhali nywele za mwanamke bado zina kila uzi, uzito na uso havisemi jambo moja, na hapo uanze kushuku: pengine ubavu umepigwa tupa, pengine sarafu iliwahi kuwa kidani, pengine ni ya kughushi.

Uzito kuzidi ni hatari zaidi. Wafanyakazi wa kiwanda walipima vipande vitupu kimoja kimoja kabla ya kuvipiga. Chepesi kilirudishwa kuyeyushwa, kizito kilipunguzwa kwa tupa (swali la 12). Nusu tai ya gramu 8.95 haikutoka mlangoni kwao.

Ukipata 8.36, usitupe bado. Soma swali la 19.

7. Nipimeje densiti bila kuidhuru sarafu?

Weka kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, itumbukize yote bila kugusa chini wala pembeni, na ondoa viputo vya hewa kwa kuitikisa kidogo. Namba inayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Ukimaliza, iache ikauke yenyewe juu ya taulo. Usiisugue.

Dhahabu ya karati 22 hutoa takriban 17.6 hadi 18.0, kutegemea ndani yake mna shaba zaidi au fedha zaidi. Chukua nusu tai ya gramu 8.72. Ikiwa ya kweli, maji yatasoma karibu 0.49. Fedha iliyopakwa dhahabu itasoma 0.83, shaba 0.97. Hizo hutazikosa.

Tatizo liko kwenye tungsteni, ambayo densiti yake ni karibu sawa na ya dhahabu safi. Hiyo itasoma 0.45. Tofauti kati ya 0.49 na 0.45 ni ndogo, na mizani ya 0.01 ina kosa la tarakimu moja juu au chini, kwa hiyo jibu la "17.4" na la "18.2" yote yanaweza kutoka kwenye sarafu ileile halali. Pima mara tano, chukua wastani, au tafuta mizani ya 0.001.

Hata hivyo jua kipimo hiki kinajibu nini. Kinasema chuma ni sahihi. Mghushi makini hutumia dhahabu halisi ya karati 22, kwa sababu faida yake haiko kwenye dhahabu, iko kwenye tarehe.

8. Sonara anaweza kunisaidia?

Kwa uzito, ndiyo. Kwa tindikali, hapana. Kipimo cha tindikali huanza kwa kusugua sarafu juu ya jiwe, na msuguo huo hauondoki. Sonara mwaminifu kabisa anaweza kuiharibu sarafu kwa nia njema, kwa kuwa yeye anatafuta karati na wewe unatafuta uso. Vilevile atakupa bei ya gramu, ambayo kwa sarafu hizi haina uhusiano na bei ya mkusanyaji.

Mashine ya miale ya eksirei inayosoma madini haidhuru, ila inasoma ngozi ya juu tu, maikromita chache. Ngozi nene ya dhahabu juu ya tungsteni itaipita. Itumie pamoja na densiti.

## Kutambua bandia

9. Je, tarehe pekee inaweza kuniambia kitu?

Mengi. Kwanza, kuna miaka ambayo sarafu haipo. Hakuna nusu tai yenye tarehe 1801, 1816 wala 1817. Hakuna tai ya 1802, wala yenye tarehe yoyote kati ya 1805 na 1837. Robo tai ziliruka kutoka 1808 hadi 1821.

Pili, kuna miaka ambayo tarehe lazima iwe imechongwa juu ya nyingine. Nusu tai zote za 1796 zina 5 chini ya 6. Zote za 1802 zina 1 chini ya 2, na zote za 1803 zina 2 chini ya 3. Kwenye lenzi ya mara 10 mabaki ya tarakimu ya zamani yaonekane hata kwenye sarafu iliyochakaa kiasi. Nusu tai ya 1803 yenye tarakimu 3 safi kabisa ni ya kushuku mara moja.

Tatu, hesabu nyota. Nusu tai za 1795 na 1796 zina nyota 15 upande wa kichwa, za 1797 zina 15 au 16, na kuanzia 1798 ni 13. Nyota 16 zilikuja baada ya Tennessee kujiunga na Marekani mwaka 1796, kisha kiwanda kikaona kwamba nyota haziwezi kuongezwa kila jimbo likijiunga, kikarudi kwenye 13 za mwanzo.

10. Bandia nzuri huonekanaje chini ya lenzi?

Bandia ya kumimina kwenye kalibu ndiyo rahisi: uso una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zimeviringika pembeni badala ya kusimama wima, na pengine ubavuni pana mstari wa kuungia. Nakala za umeme, za magamba mawili yaliyounganishwa, nazo hujulikana kwa mstari huo na kwa uzito usiolingana.

Zilizopigwa kwa muhuri wa kunakiliwa ni ngumu. Mghushi huchukua sarafu ya kweli, hutengeneza muhuri kutoka kwayo, kisha hupiga nyingine. Kila jeraha la sarafu mama linahamia kwa watoto wake wote. Ndiyo maana alama mbili tunazoziamini zaidi ni hizi: shimo au mchubuko ambao ndani yake mna mng'ao uleule wa uwanja, yaani eneo tupu lisilo na picha (jeraha la kweli huvunja mng'ao), na mchubuko uleule mahali palepale kwenye sarafu nyingine. Ukiona picha mbili mtandaoni zenye mkwaruzo mmoja unaofanana shavuni, mojawapo ni ya kughushi, na mara nyingi ni zote mbili.

Tazama pia meno ya ukingo. Vinundu au miiba midogo inayotoka katikati ya meno ni mabaki ya kurekebisha muhuri wa kughushi kwa mkono. Halafu kuna ukali wa picha: sarafu ya kweli iliyopigwa dhaifu katikati huwa bado kali pembeni, au kinyume chake. Bandia huwa laini mwili mzima huku iking'aa kama mpya.

Michirizi ya ubavu nayo ina habari. Kabla ya 1829 iliwekwa kwa kuviringisha kipande kitupu kwenye mashine kabla hakijapigwa, kwa hiyo haikuwa sawasawa kama ya sarafu ya leo. Michirizi iliyonyooka na kupangika kikamilifu kwenye nusu tai ya 1795 ni sababu ya kusimama na kutazama upya.

11. Imefungwa kwenye kasha la kampuni ya madaraja. Niiamini?

Kasha la PCGS, NGC au CACG, kampuni za Marekani za kupanga madaraja, ni ushahidi mzito, lakini makasha nayo hughushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika, kisha linganisha picha. Namba kuwepo haitoshi, kwa kuwa waghushi hunakili namba za kweli. Linganisha mikwaruzo, madoa, mahali tarehe ilipo. Tazama maungio ya plastiki: yasiwe na gundi, ukungu wala alama za kukwanguliwa. Kama cheti ni cha zamani na hakina picha, tafuta sarafu hiyo kwenye kumbukumbu za minada ya Heritage na Stack's Bowers, ambazo ziko wazi kwa kila mtu.

## Uso na daraja

12. Kuna mistari sambamba kama ya tupa. Imeharibiwa?

Huenda hapana. Kipande kitupu kilichozidi uzito kilikwanguliwa kwa tupa kabla ya kupigwa. Nguvu ya mashine, iliyozungushwa kwa mikono ya watu, haikufuta mistari yote, hasa katikati na kwenye ukingo.

Namna ya kutofautisha: alama ya tupa ya kiwanda iko chini ya picha. Itaingia kwenye nywele ikapotea pale dhahabu ilipojaza muhuri, kisha itokee upande wa pili. Kingo zake zimelainishwa na pigo. Mkwaruzo wa baadaye uko juu, unakata nywele na nyota bila kujali, na mara nyingi una ukingo ulioinuka na rangi tofauti.

Kampuni za madaraja hazihesabu alama za tupa kuwa uharibifu, lakini soko linazitazama. Zikiwa ukingoni hazipunguzi bei sana. Zikipita shavuni, mnunuzi atasita, na ana haki.

13. Nitajuaje kama imesafishwa?

Weka taa moja juu, ushike sarafu karibu na mwanga, uizungushe polepole. Mng'ao wa asili huzunguka kama miale ya gurudumu. Sarafu iliyosuguliwa huonyesha mistari miembamba mingi ya upande mmoja inayowaka yote kwa pamoja, na haiingii chini ya herufi. Iliyopigwa brashi ya mashine huwa na mng'ao bandia unaokoma ghafla karibu na herufi, na herufi zenyewe huonekana zimesukumwa kidogo. Iliyotiwa dawa huwa na rangi moja ya manjano angavu, hata kwenye mabonde ya nywele ambako miaka 200 ya uchafu ilipaswa kukaa.

Rangi ya asili ya sarafu hizi si moja. Yenye fedha zaidi inaelekea kijani, yenye shaba zaidi inaelekea wekundu, na uchafu wa rangi ya chungwa iliyokolea kati ya herufi ni ishara njema.

14. Basi mimi niisafishe kidogo tu?

Usiisafishe. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa kitambaa laini. Uso wa asili ukiondoka haurudi, na hakuna jambo lingine katika ukurasa huu tunalolirudia kwa uchungu kama hili.

Lipo jambo moja tu linaloruhusiwa: kama sarafu imekaa kwenye mfuko wa plastiki laini ya PVC na imepata utando wa kijani unaonata, iloweke kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Ibadilishe kwenye asetoni mpya, kisha iache ikauke. Bila kusugua. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, haifai.

15. Daraja hupangwaje?

Kwa namba 1 hadi 70, mfumo uliotokana na William Sheldon mwaka 1949. Iliyochakaa wastani ni VF, kuanzia 20. Iliyochakaa kidogo ni EF, 40 na 45. AU, 50 hadi 58, ina mchubuko mdogo tu kwenye sehemu za juu, na MS kuanzia 60 haikutumika.

Kwa mwanamke anayetazama kulia, tazama kwanza nywele juu ya paji na karibu na sikio, kisha mkunjo wa juu wa kofia. Upande wa pili, tazama kifua cha tai, ncha za mabawa na, kwenye tai mkubwa mwenye ngao, mistari ya ngao na mawingu. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: sehemu hizohizo ndizo zinazopigwa dhaifu. Udhaifu wa kupigwa huacha uso wenye mng'ao na chembechembe za kipande kitupu. Uchakavu huacha uso laini, uliofifia, wa rangi tofauti na uwanja.

Sarafu ya kweli iliyosafishwa, kutengenezwa au kuumizwa hupewa neno "Details" badala ya namba. Hapo bei hushuka sana, mara nyingi kwa nusu hivi.

## Aina na bei

16. Namba za BD ni nini, na zina umuhimu gani?

Mihuri ilichongwa kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa hiyo kila muhuri ni tofauti. Harry Bass na John Dannreuther waliziorodhesha jozi za mihuri ya sarafu hizi, na BD ni herufi za majina yao. Nusu tai ya 1795 yenye picha ya tai mdogo upande wa pili ina jozi 12.

Kutambua jozi, tazama nafasi: ncha ya nyota ya mwisho iko umbali gani na kifua, tarakimu ya kwanza iko wapi chini ya nywele, jani la mtende linagusa herufi gani. Usipime kwa macho matupu. Piga picha iliyonyooka, kisha ilinganishe na picha za sarafu iliyothibitishwa.

Kuna faida mbili. Ya kwanza ni bei: tai ya 1795 yenye majani 9 kwenye tawi la mtende ni adimu kuliko yenye 13, na tofauti ya bei ni kubwa. Ya pili ni usalama: sarafu isiyolingana na jozi yoyote inayojulikana ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bandia kuliko kuwa ugunduzi.

17. Nikadirieje bei?

Anza na dhahabu yenyewe kama sakafu: gramu za dhahabu safi katika swali la 2 mara bei ya siku. Halafu isahau, kwa sababu nusu tai ya kweli ya kipindi hiki inapita sakafu hiyo mara nyingi.

Tafuta mauzo ya mnada ya tarehe ileile, aina ileile, daraja lilelile na kampuni ileile, ya miaka miwili mitatu iliyopita. Tazama picha za kila moja. Bei za minada zinazochapishwa kwa kawaida zimejumuisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni karibu asilimia 20, kwa hiyo muuzaji hakupata kiasi hicho. Kibandiko cha kijani cha CAC, kampuni inayokagua upya sarafu zilizokwisha kupewa daraja, kwenye kasha kinaonyesha kwamba jicho la pili limeridhika na daraja, na huongeza bei.

Asili ya umiliki nayo inahesabiwa. Sarafu inayoweza kulinganishwa, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na picha za makusanyo ya Eliasberg, Bass au Pogue hupendwa zaidi. Barua isiyo na picha haithibitishi kitu.

18. Nichague AU-58 iliyong'arishwa au EF-45 ya asili?

EF-45 ya asili. Namba inaweza kubadilika kasha likifunguliwa na sarafu ikapelekwa upya, ilhali uso uliopotea haubadiliki. Kwa daraja dogo lenye rangi nzito na mng'ao uliobaki kuzunguka herufi, siku ya kuuza hutakosa mnunuzi.

## Hali za pekee

19. Nina ya 1834 yenye gramu 8.36. Imekatwa?

La. Mwaka huo kulikuwa na nusu tai za aina mbili. Ya zamani ina gramu 8.75, na juu ya tai pana utepe wenye maneno "E PLURIBUS UNUM". Ya sheria mpya, mchoro wa William Kneass, ina gramu 8.36, kipenyo mm 22.5, na haina utepe. Utepe uliondolewa kusudi, ili mtu atambue kwa jicho ipi nzito na ipi nyepesi. Isiyo na utepe inapatikana kwa urahisi. Yenye utepe ni adimu mno, kwani siku sheria ilipobadilika nyingi zilikuwa tayari zina faida kwa kuyeyushwa.

20. Iliwahi kuwa kidani. Bado ina thamani?

Ina thamani kama ni ya kweli, hasa kwa tarehe adimu. Tafuta alama za risasi ya kuunganishia saa sita juu ya ukingo, michirizi iliyofutika hapo, au duara hafifu lenye rangi tofauti lililo ziba ya tundu. Ziba nzuri hupakwa na kuchongwa upya herufi, kwa hiyo linganisha umbo la herufi hiyo na nyingine kama hiyo kwenye sarafu ileile. Kama kitanzi bado kipo, kiache. Anayekiondoa kwa moto huongeza jeraha la pili.

21. Ni kweli tai ya 1804 ilimfikia Sayyid Said?

Ndiyo, na hii ndiyo sehemu ya habari hii inayoigusa pwani yetu. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar. Kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia, kiwanda cha Philadelphia kilitayarisha seti kamili za sarafu, na Roberts aliileta seti ya Sayyid Said mwaka 1835. Tai haikuwa ikipigwa tena, kwa hiyo wakachonga muhuri mpya wenye tarehe ya mwisho, 1804. Seti nyingine ilikwenda kwa mfalme wa Siam.

Tai hizo za zawadi, ambazo hazifiki tano, zina tarakimu 4 isiyo na kijiti mwishoni mwa mkono wake. Zile za 1804 zilizotumika sokoni zina kijiti hicho. Ukipewa tai ya 1804 yenye 4 isiyo na kijiti na ukaambiwa imetoka katika nyumba ya zamani ya Unguja au Muscat, habari hiyo inavutia, lakini pitia maswali ya 6 hadi 10 moja baada ya jingine kabla ya kuamini.

22. Ni kweli Wamarekani walikatazwa kumiliki dhahabu?

Amri ya Aprili 1933 iliwataka kusalimisha sarafu za dhahabu, lakini iliacha nje sarafu adimu zenye thamani kwa wakusanyaji. Vizuizi vilivyobaki viliondolewa mwisho wa 1974. Leo hakuna tatizo la umiliki.

23. Niko Afrika Mashariki. Niipelekeje kwa wapanga madaraja?

Si lazima uitume Marekani moja kwa moja. PCGS hupokea kupitia Paris, NGC kupitia London na Munich. Soma masharti ya bima ya kampuni ya usafirishaji, maana nyingi hazilipii sarafu wala dhahabu hata ukiandika thamani. Itangaze forodhani wakati wa kutoka, uandike kuwa inakwenda kukaguliwa na itarudi, na utunze nakala iliyopigwa muhuri. Bila karatasi hiyo unaweza kutozwa kodi ya kuingiza sarafu yako mwenyewe.

Ifunge kwenye kifuko cha Mylar, si PVC, ndani ya kadibodi mbili ngumu zilizobanwa pande zote isisogee. Usiweke gundi wala selotepu karibu na uso wa sarafu. Juu ya bahasha usiandike neno dhahabu.